Kuendesha Gari Peke Yako Pwani ya Kenya: Acha Nyayo Nyuma Yako

Kila mwaka, likizo ya Desemba inapokaribia, maafisa wetu wa uhusiano na jamii huulizwa swali lile lile katika mikutano ya hadhara: je, mtu anaweza kuendesha gari lake peke yake kutoka Kampala hadi pwani ya Kenya, akatembea kutoka Diani mpaka Malindi, na akarejea salama? Jibu letu ni kwamba anaweza. Raia wengi wa Uganda hufanya safari hiyo, na barabara kuu ni ya lami tangu mpakani hadi baharini. Hata hivyo, msafiri wa peke yake ana upungufu mmoja ambao msafiri wa kundi hana. Likimpata jambo, hakuna aliye kando yake wa kusema yeye ni nani, ametoka wapi na alikuwa akielekea wapi.

Tuanze na namna polisi wanavyomtafuta mtu aliyepotea katika nchi ya jirani, kwa kuwa wananchi wengi hawaifahamu, na kwa kuwa ndiyo sababu ya karibu kila ushauri unaofuata.

Jamaa wa msafiri huripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu nao na kupewa namba ya SD. Taarifa hupelekwa kwenye ofisi ya taifa ya Interpol iliyo Kampala, nayo huiandikia ofisi kama hiyo iliyo Nairobi, kwani kila nchi mwanachama wa Interpol ina ofisi ya namna hiyo. Kutoka Nairobi taarifa hushuka hadi kwenye vituo vya polisi vya pwani. Ikihitajika, Interpol hutoa taarifa ya njano, ambayo ndiyo rangi ya tangazo la mtu aliyepotea. Ushirikiano huu una mizizi: wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki waliunda jumuiya yao, EAPCCO, hapa hapa Kampala mwaka 1998. Wapo wanaodhani kwamba ni lazima saa 24 zipite kabla ya kuripoti. Dhana hiyo iachwe. Ripoti pale wasiwasi unapoanza kuwa na sababu.

Lakini mtambo huo wote hauwezi kusaga hewa. Pwani ya Kenya ina urefu wa zaidi ya kilomita 500, na jina tupu la mtu halitoshi.

Mzee mmoja alifika mezani petu akiripoti kwamba mwanawe hakuwa amepiga simu kwa siku tano. Alipoulizwa mwana alikokwenda, alijibu, "Alisema anakwenda kuona bahari." Hakujua mji, hakujua nyumba ya wageni, na gari lilikuwa la kuazima. Tulichokipata cha kushika ni namba ya gari, ambayo rafiki aliyeliazimisha alikuwa nayo kwenye nakala ya bima. Kwa namba hiyo tulijua kijana alivuka Malaba tarehe gani, na wenzetu wa Kenya wakaanza kuulizia gari badala ya mtu. Gari lilikutwa uani mwa nyumba ya wageni. Mwenye nyumba alikuwa amelizuia, akiamini kwamba mpangaji ametoroka bila kulipa. Kumbe kijana alizidiwa na malaria usiku akiwa mtaani, wapita njia wakampeleka hospitali akiwa hajitambui, simu imezimika, na vitambulisho vyake vyote vimebaki chumbani. Kwa siku tisa alilala wodini kama mtu asiye na jina. Alipona. Baba yake, tunavyomkumbuka, alizeeka mbele ya macho yetu.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, mwachie mtu mmoja unayemwamini karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Iwe na namba ya gari, aina yake na rangi yake, mpaka utakaovukia, miji utakayolala, kwa mpangilio wa tarehe, na namba za simu za nyumba za wageni ulizokwisha kuzungumza nazo. Ambatanisha nakala ya kitambulisho chako na picha ya karibuni. Kisha mkubaliane saa ya kupigiana simu kila jioni, na mkubaliane pia kitakachofanyika usipopiga: kwa mfano, ikipita jioni moja apige nyumba ya wageni, na zikipita mbili aende polisi. Mpango ukibadilika njiani, mwambie siku hiyo hiyo. Karatasi inayosema uko Kilifi wakati uko Diani huwapoteza wanaokutafuta kwa siku nzima. Nawe mwenyewe beba mwilini, si kwenye gari, kikaratasi chenye jina lako, namba ya ndugu yako na dawa unazotumia. Simu hufungwa kwa nywila na betri huisha. Karatasi husomwa na yeyote.

Sasa tuje kwenye hati za mpakani. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizi tatu kwa kitambulisho cha taifa, lakini sisi tunashauri kubeba pasipoti pia kwa anayekwenda peke yake, ili akipoteza kimoja abaki na kingine. Leseni ya Uganda iliyo hai inatambuliwa Kenya. Gari linahitaji kitabu chake cha usajili, kibali cha forodha cha kuliingiza kwa muda, na kadi ya njano ya COMESA. Kadi hii, iliyoanza kutumika mwaka 1987, ni bima inayogharimia madhara utakayomsababishia mtu mwingine katika nchi wanachama wa mpango huo. Hutolewa na kampuni ya bima yako hapa nyumbani. Izingatiwe kwamba hailipii uharibifu wa gari lako mwenyewe. Kwa hilo, muulize wakala wako kama bima yako kubwa inavuka mpaka. Ikiwa gari si lako, beba barua ya ruhusa ya mwenye gari iliyothibitishwa na wakili. Gari la kuazima lisilo na barua, likiendeshwa na mtu asiye na shahidi, hufanana mno na gari la wizi, na afisa wa mpakani hana namna ya kujua tofauti.

Kutoka Kampala hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,100. Mwenye dereva wa akiba anaweza kujidanganya kwamba atazimaliza kwa pumzi moja. Aliye peke yake asijaribu. Sehemu ya Nairobi hadi Mombasa, takriban kilomita 480, hubeba malori ya mizigo ya bandari usiku na mchana, na ni rahisi kushawishika kuyapita kwenye miinuko na kona. Kati ya Mtito Andei na Voi barabara inapita katikati ya hifadhi za Tsavo, ambako ndovu na nyati huweza kuvuka, hasa jua likishazama. Lala Nairobi au kabla yake, kisha safiri mchana. Ukiwa umechoka, redio na kahawa havina msaada. Simama kwenye kituo cha mafuta chenye watu na ulale dakika ishirini.

Ukifika Mombasa, utakuwa umesimama katikati ya pwani. Kusini kuna Diani, Msambweni na Lunga Lunga mpakani na Tanzania. Kaskazini kuna Mtwapa, Kilifi, Watamu na Malindi. Kila upande una mambo yake.

Njia ya kusini iliyozoeleka ni feri ya Likoni, ambayo huvusha watu na magari mlango wa Kilindini. Foleni huwa ndefu asubuhi na jioni, wakati wa watu kwenda na kutoka kazini. Jambo tunalotaka msomaji alishike hapa ni la sekunde chache tu: gari likishasimama juu ya feri, zima injini, vuta breki ya mkono, acha gia ndani au weka P kwa gari la otomatiki, kisha toka nje usimame na abiria wengine. Mwezi Septemba 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri hiyo na kuzama, na mama na binti yake mdogo waliokuwa ndani wakapoteza maisha. Miili yao ilipatikana baada ya karibu wiki mbili, kwa sababu ya kina cha maji hayo. Asiyependa kupanda feri ana njia nyingine siku hizi: barabara ya Dongo Kundu, inayoachana na barabara kuu upande wa Miritini na kuvuka maji kwa madaraja marefu hadi Kwale. Ni ndefu zaidi kwa kilomita, lakini kwa anayetoka Nairobi akielekea Diani, hakuna haja ya kuingia kisiwani kabisa. Usipige picha za feri, bandari wala kambi ya jeshi la majini. Huo ndio ugomvi wa bure unaowapata wageni wengi.

Kaskazini, daraja la Nyali hutoa gari kisiwani tangu mwaka 1980, na daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991, liliondoa haja ya feri juu ya hori ile. Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, lakini usizihesabu kwa saa za barabara tupu. Upande wa Mtwapa na Kilifi umekuwa na kazi za kupanua barabara, bodaboda na tuktuk hujitokeza kutoka kila kichochoro, na matuta mengi hayana alama. Katika miji mwisho wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na askari wa trafiki huwa na kifaa cha kupimia. Njiani yapo magofu ya Gede, yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, pamoja na msitu wa Arabuko-Sokoke. Tunayataja kwa sababu ni mahali penye walinzi na tiketi, ambapo jina lako huandikwa. Msafiri wa peke yake na apende mahali pa namna hiyo.

Baada ya Malindi, barabara inavuka mto Sabaki na kuelekea Garsen, Witu na Mokowe, mahali pa kupandia boti kwenda Lamu. Hapa tunasema wazi: hii si sehemu ya kuendesha gari peke yako kwa kujiamini. Kaunti ya Lamu imewahi kushambuliwa na magaidi wa al-Shabaab, na shambulio la Mpeketoni la Juni 2014 liliua watu zaidi ya 60. Mwezi Januari 2020 basi la abiria lilishambuliwa katika barabara hiyo hiyo. Vyombo vya usalama vya Kenya vimeimarisha ulinzi, na mara nyingi magari husindikizwa. Hata mvua ina neno lake: mwishoni mwa mwaka 2023 mafuriko ya El Niño yalikata njia hiyo. Lamu kwenyewe ni mji wa kupendeza wenye punda badala ya magari, hivyo gari lako halina kazi kule. Ushauri wetu ni kuliacha Malindi kwenye nyumba ya wageni yenye ulinzi, na kwenda kwa ndege. Anayesisitiza kwenda kwa barabara aulize kwanza kituo cha polisi cha Malindi hali ya siku hiyo, afuate msafara, na awe amefika kabla ya saa kumi jioni.

Bahari nayo inahitaji maneno machache. Sisi tuliokulia kando ya Nalubaale tunajua ziwa ambalo mwambao wake hauhami. Bahari huhama. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu kati ya kupwa na kujaa. Mchanga mkavu ulioegesha gari saa nne unaweza kuwa chini ya maji alasiri, na mtu aliyetembea hadi kwenye mwamba wakati wa maji kupwa anaweza kukuta mkondo kati yake na ufuo. Waulize wavuvi saa za maji kujaa. Hawajawahi kumnyima mtu jibu hilo. Usiogelee mahali ambapo hakuna mwingine anayeogelea. Na usiache ufunguo wa gari kwenye suruali juu ya mchanga: uache mapokezi.

Tuseme pia juu ya lugha, maana ina uhusiano na usalama kuliko inavyodhaniwa. Kiswahili cha wengi wetu hapa Uganda ni cha kambini, nacho ni Kiswahili cha amri: leta, simama, toka. Mpwani akisikia "Leta maji!" husikia ukali, hata kama msemaji hakuukusudia. Sema "Naomba maji." Mwamkie mkubwa kwa shikamoo, naye ataitikia marahaba. Kabla ya kuuliza njia, uliza hali. Piga hodi, na usiingie kabla ya kukaribishwa. Mgeni aliyeamkia vizuri mtaa mzima humjua kabla ya magharibi, na mtaa unaomjua ndio utakaouliza asubuhi mbona hajaonekana. Katika Mji wa Kale wa Mombasa na huko Lamu, mavazi ya ufukweni yabaki ufukweni. Wakati wa Ramadhani, chakula cha mchana kiliwe ndani.

Ukisimamishwa na polisi wa Kenya, zima injini, salimia, toa hati. Una haki ya kuambiwa kosa lako. Ukitozwa dhamana kituoni, dai stakabadhi. Fedha zisizo na stakabadhi usizitoe, kwani anayezitoa naye anatenda kosa. Malalamiko dhidi ya askari hupokewa na IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Ukipata ajali, sheria ya Kenya inakutaka usimame, utoe jina lako na anwani yako, na uripoti polisi haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24. Usiondoke kituoni bila namba ya OB, ambayo ni sawa na SD yetu. Bila hiyo, kampuni ya bima haitakusikiliza. Namba za dharura ni 999 na 112, kama nyumbani. Uganda ina ubalozi Nairobi na ubalozi mdogo Mombasa. Ziandike namba zao kwenye karatasi uliyomwachia ndugu.

Yako mambo machache ambayo ni ya kawaida upande mmoja wa mpaka na ni kosa upande wa pili. Kaveera ni la kwanza. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu ni faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 za huko au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Funga nguo na vyakula vyako katika vikapu na mifuko ya nguo kabla ya kufika Malaba au Busia. La pili ni mirungi. Kenya inaruhusu miraa kuuzwa hadharani, lakini hapa kwetu sheria ya dawa za kulevya ya 2023 inakataza kuwa nayo bila kibali. Anayeinunua Maungu ili imweke macho njiani, akaivusha mpaka, amejiletea kesi. La tatu ni makombe na matumbawe: yaache baharini, hasa katika hifadhi za Malindi na Watamu, ambazo zimelindwa tangu mwaka 1968.

Tena, usibebe mzigo wa mtu. Dereva wa peke yake mwenye kiti kitupu huombwa lifti na hukabidhiwa bahasha "ya shangazi yangu Tororo." Ikifunguliwa mpakani na kukutwa na bhangi au kitu kibaya zaidi, shangazi hatakuwepo, na anayejulikana kwa jina ni wewe.

Siku ya kurudi, pita dirisha la forodha na uhakikishe kibali cha gari kimefungwa kwenye kumbukumbu upande wa Kenya, upewe na uthibitisho. Gari ambalo kibali chake hakikufungwa huhesabiwa kuwa bado liko Kenya, na muda ukipita mwenye gari hudaiwa ushuru kana kwamba aliliuza huko. Kisha, kabla ya kuondoka Malaba, mpigie simu yule uliyemwachia karatasi. Yeye bado anahesabu jioni.